Ibara ya Tatu

Jumapili, 1 Machi 1998

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba Wamarekani walimwasi mfalme kwa sababu kodi ilikuwa kubwa. Nimelirudia hili mara mbili leo kwenye darasa langu la historia la Jumapili. Chai waliyoimwaga baharini ilikuwa imeshuka bei. Walichokataa ni kuamuliwa mambo yao na bunge ambalo hawakulichagulia hata mtu mmoja. Ridhaa, si bei. Niliandika RIDHAA ubaoni, chaki ikateleza. Ubao umelowa. Msimu huu kuta za Guangzhou hapa China hutoa jasho na vitabu vyangu vinaota ukungu.

Walikuja saba. Wanafunzi watano, wafanyabiashara wawili. Baadaye tulikula pilau ya Bi Rehema. Huileta kila Jumapili kutoka Kangle, mtaa wa mafundi cherehani, sufuria imefungwa kwa khanga. Hukaa nyuma mpaka nimalize, kisha anapakua.

Jumanne, 3 Machi

Katiba ya Umoja wetu, sisi Watanzania wa hapa, imegongwa mhuri. Kurasa nne, nimeziandika mimi. Mhuri anautunza Hamadi, mwenyekiti, mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye ofisi ya chumba kimoja barabara ya Huanshi. Hapa karatasi isiyo na mhuri mwekundu ni karatasi tu. Zahanati iliyo jirani na ofisi yake, yenye daktari wa upasuaji, imekubali kumpokea yeyote mwenye barua yetu bila kudai pasipoti. Kwa hilo peke yake Umoja una maana.

Ibara ya tatu sikuipenda. Mwanachama ni mwenye viza hai. Hamadi na wenzake walisema bila hiyo hawaingii: polisi wakikuta majina ya wasio na viza, tutafungwa sote. Nikakubali. Nilijiambia kwamba hata wale walioandika katiba ya Marekani kule Philadelphia waliuacha utumwa uendelee ili majimbo ya kusini yasijitoe. Kwanza nyumba isimame. Naona aibu kidogo kuandika hivi. Kidogo.

Jumapili, 8 Machi

Somo la leo, utumwa. Wamarekani waliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na aliyeshika kalamu alikuwa na watumwa shambani kwake. Wengine walijua ni uovu, wakakiri hivyo kwenye barua zao, wakaahirisha. Nilieleza kwamba wazo hutangulia, desturi hufuata, na katikati panahitaji subira.

Neema akainua mkono. Anatoka Mbeya, anasomea udaktari, mwaka wa nne.

"Mwalimu, hiyo subira ilikuwa ya nani?"

Wakacheka. Nikasema tutaligusa wiki ijayo. Nikafuta ubao.

Hakukuwa na pilau. Bi Rehema anaumwa tumbo.

Jumatatu, 9 Machi

Nilikwenda Kangle na Neema. Vichochoro vyembamba, cherehani zinalia kila ghorofa, vipande vya vitambaa vimelowa na kunata miguuni. Bi Rehema amelala ghorofa ya nne, nyuma ya marobota. Ana homa. Neema alimbonyeza tumbo upande wa kulia, akajikunja. Ni kidole tumbo, anasema Neema. Akapasuliwe leo.

Viza ya Bi Rehema iliisha mwaka jana, baada ya mzigo wake kuharibiwa na maji bandarini. Tangu hapo anapikia watu na kukunja nguo. Hospitali kubwa yeye haitaki. Anaamini atadaiwa pasipoti, atafungwa, kisha atarudishwa Tanga mikono mitupu mbele ya wakwe. Anataka zahanati yetu. Anataka barua.

Nikaenda kwa Hamadi. Hakuwa mkali. Alinimiminia chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, ibara ya tatu umeiandika wewe. Mimi nimeisoma tu."

Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba kama inanikera basi tuibadilishe kwa utaratibu.

Jumanne, 10 Machi

Utaratibu: ibara hubadilishwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu hutangazwa siku saba kabla. Nimeandika tangazo. Mkutano utakuwa Jumanne ijayo.

Neema alikuja. Hakutaka kuketi. Alisema Hamadi huuacha mhuri mezani anapokwenda kuswali, nikagonge barua, yaishe. Nilimweleza kwamba nikiivunja sheria yangu mwenyewe ikiwa na wiki moja, hakuna atakayeiheshimu tena. Nilieleza vizuri. Kwa mifano. Alisikiliza huku mwavuli wake ukichuruzika sakafuni, akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 11 Machi

Nilimpelekea Bi Rehema uji na vidonge vya maumivu. Hakunywa uji. Aliuliza kama barua imetoka. Nikasema bado siku sita. Akaniambia, "Haya, Mwalimu." Ananiamini.

Alhamisi, 12 Machi

Maumivu yamekoma ghafla. Bi Rehema mwenyewe kaniambia, na nikamshukuru Mungu kwa sauti. Neema alipofika nikampa habari hiyo njema. Akaketi kwenye ngazi, akashika kichwa. Kidole tumbo kimepasuka, alisema. Ndiyo maana hayasikii tena maumivu.

Tulimteremsha ghorofa nne kwa kiti. Teksi mbili zilikataa. Hospitali kubwa, mchana wa saa nane. Mhudumu wa mapokezi hakuuliza pasipoti. Aliuliza kwa nini tumechelewa.

Ijumaa, 13 Machi

Bi Rehema amefariki alfajiri.

Jumamosi, 14 Machi

Mazishi. Wanawake wa Kichina Waislamu walimwosha, hawamjui, hawakuuliza lolote. Hamadi alishika jeneza upande wa mbele. Alilia kuliko sote. Barua ya kuombea kaburi aliiandika na kuigonga mhuri yeye mwenyewe jana, bila kutaja ibara. Simlaumu. Yeye alisoma, mimi niliandika.

Jumapili, 15 Machi

Hakuna darasa. Niliahidi kuligusa swali la Neema leo. Jibu ninalo. Sikumwita mtu kulisikiliza.

Miaka thelathini nafundisha habari za walioahirisha. Najua hoja zao, barua zao, hata majuto yao. Waliosubiri nawapa sentensi moja, mwisho wa kipindi.

Jumanne, 17 Machi

Mkutano. Mikono yote ilipanda. Dakika kumi, na ibara ya tatu haipo. Neema hakuja. Mmoja alinisifu kwa lugha safi ya marekebisho. Nilitoka nje.

Jumatano, 18 Machi

Mvua imekatika. Kuta bado zinavuja jasho.

Hamadi alipita asubuhi, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Amesikia kwamba katika nyumba ile ya Kangle wamo wengine wawili, mtu na mkewe kutoka Kigoma. Viza zao zimekwisha. Mke ni mjamzito. Siku zote nilizopanda ngazi zile walikuwa chumba cha pili, wamefunga mlango, wakiogopa kuonekana. Huenda walinisikia nikisema bado siku sita.

Nilikuwa nimepanga kutwa nzima kuinakili katiba mpya, nakala tano.

Najiambia: acha nakala. Nenda Kangle leo, kabla ya adhuhuri, ukawabishie hodi.