Kiwanja Chetu Kilipogeuka Njia

Mpendwa Baba,

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye ule mtaa uliouchora wewe, ng'ambo ya Kabiria, nikatamani kuzungumza nawe. Tangu tukuzike mwaka jana sijaweza kukwambia jambo hili kwa mdomo, basi nakuandikia.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulipanga chumba kimoja Kawangware, sisi watano, na kila asubuhi ulitembea hadi mjini, shati limepigwa pasi, kwenye ofisi ya ramani. Wakubwa walipima na kuamua. Wewe ulinakili mistari yao kwa wino. Ndivyo ulivyouchora mtaa mpya: nyumba za mawe zenye bomba na choo ndani, shule, uwanja wa watoto. Jina letu lilikuwa kwenye orodha ya watakaopewa nyumba, na Mama alishawatangazia majirani wote.

Siku moja ukanipeleka kuona kiwanja chetu. Ulinisimamisha kati ya vigingi vinne, ukanionyesha jiko litakapokaa, na dirisha la chumba changu. Tukiwa hapo wakatokea akina mama kutoka Waithaka, mizigo ya mboga mgongoni, kamba zimekaza kwenye paji la uso, wakienda sokoni. Walikata katikati ya kiwanja, maana njia yao ilikuwa hapo tangu zamani. Mmoja wao, mtu mzima, aliona futi ya kupimia mkononi mwako, akatua mzigo wake.

"Na hizi nyumba zikiisha," akakuuliza, "sisi tutapitia wapi?"

Ulimsaidia kujitwika tena. Jumatatu ulimweleza mkubwa wako kwamba ramani imeziba njia, na wale wanawake watalazimika kuzunguka mpaka barabara kuu, karibu saa nzima na mzigo mgongoni. Alisema sahihi zimeshatiwa, na kwamba nyumba ikiondolewa kwenye ramani, mwenyewe atalalamika.

"Hatalalamika," ukamjibu. "Ni yangu."

Mama alipopata habari aliacha kuosha vyombo. "Baba Nekesa, umewapa watu usiowajua nyumba ya watoto wako?" Ulimwambia kwa upole kwamba usingizi usingekujia ndani ya nyumba ile. Alikaa wiki nzima bila kukusemesha. Mimi nilikuwa mbaya zaidi, Baba. Nilishaliona dirisha langu. Kwa miezi mingi nilikusalimia kwa kulazimishwa, na mvua iliponyesha, mabati yakavuja juu ya kitanda chetu, nilihakikisha unasikia nikilalamika.

Hukunigombeza hata mara moja. Ulihamisha sufuria chini ya tone, ukarudi kwenye kiti chako.

Tulingoja miaka mitatu ndipo sehemu ya pili ya mtaa ikajengwa, nasi tukapata nyumba mwisho kabisa, karibu na machimbo ya mawe. Mama alikuwa ameshakusamehe. Wageni wakija aliwasimulia habari zako mpaka ukatoka nje kwa haya.

Nikiwa sekondari tulitembea pamoja kwenye ile njia. Wanawake walitusalimia kama wanavyomsalimia mtu yeyote na kuendelea na safari. Iliniuma kwamba hawakujua. Nilikuuliza kwa nini hukuwaambia.

"Wakijua, watakuwa wakinishukuru kila siku," ulisema. "Mtu hafai kushukuru kwa sababu amepita."

Sikukuelewa. Sasa nina mshahara wangu na ofisi yangu mjini, nimeona watu wanavyoandikisha majina yao hata kwenye benchi waliyoichangia kanisani, na ndipo nimeanza kukuelewa.

Jumamosi niliikuta njia imejaa. Mama mmoja alikuja mbele yangu na gunia la viazi, amechoka, na maneno yalishanifika mdomoni: nilitaka ajue ni nani aliyemwachia mahali pa kupita. Niliyameza, nikasogea pembeni, akapita.

Nisamehe miezi ile, Baba. Pumzika vyema.

Ni mimi, binti yako aliyekununia.