Jembe Lisilo na Mpini

Jumatatu, 3 Juni 2024

Damiano kanipiga kwa kikapu cha kahawa. Kikapu kizima, kimejaa! Kahawa mbivu zikamwagika uani, kuku wakazikanyaga. Kosa langu – nimeuliza Jacqueline ni nani. Namswea nzima inajua ni nani, mimi nimeuliza tu kwa adabu. Akasema ndiye mke. Watafunga ndoa kanisani mwezi wa nane. Na mimi je? Wewe nani alikutolea mahari, kaniuliza, huku anafuta mikono kwenye suruali.

Miaka kumi na moja! Baba yangu Mwanglikana wa Lundo kule ziwani, baba yake Mkatoliki wa huku milimani, kila mzee akashikilia kanisa lake. Sisi tukaona ya nini shida, tuishi tu. Tulicheka sana wakati ule. Wajinga sisi.

Mdomo umevimba. Nimepika hivyo hivyo. Na amekula!

Alhamisi, 6 Juni 2024

Mbinga, kwa bodaboda. Nimemwambia Damiano nafuata dawa ya jino.

Nimeonana na Violet, wa msaada wa kisheria. Binti mdogo, kucha nyekundu. Nilimdharau mpaka alipofungua mdomo. Kaniuliza majirani wananiitaje. Mama Glorious, nikasema. Mke wa Damiano. Basi, akasema – mmekaa pamoja zaidi ya miaka miwili, watu wanawajua mke na mume, mahakama inaweza kuwahesabu mmeoana, mahari itoke isitoke. Akipinga, kazi ya kuthibitisha ni yake. Na shamba je, nikauliza. Mlichochuma pamoja, akasema, una haki ya sehemu yako, ila uonyeshe ulifanya nini.

Nilifanya nini! Ngolo zote za mteremko ule, mashimo yetu ya kulimia, ni zangu. Yeye analaza majani miraba miraba, halafu huyo, anakwenda kukaa kivulini. Kuyafukia kwa udongo, shimo baada ya shimo mpaka chini kabisa kwenye kijito, ni mgongo wangu. Na kahawa ya upande wa kaburi nimepanda mwenyewe, mwaka tuliomzika Glorious. Mwanangu. Hata shule hakuianza.

Jumanne mwenyekiti wa kijiji atakuja kupiga picha. Violet kaniambia mpaka hapo nifunge mdomo.

Jumapili, 9 Juni 2024

Sikuufunga. Mimi na mdomo wangu!

Alianza yeye. Utaondoka na kanga zako tu, akasema, anacheka. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Jumanne mwenyekiti anakuja kuangalia kahawa yangu, ndipo utajua nani anaondoka na kanga.

Sasa amekaa uani na tupa, ananoa panga. Jua liko utosini, watu wanatoka misa, wanapita wanamsalimia, naye anaitikia vizuri tu.

Jumanne, 11 Juni 2024

Mkono wa kushoto huu. Herufi zinalala.

Kakata yote. Kahawa yote ya upande wa kaburi, na matunda mekundu bado yako juu. Jana asubuhi. Nilisikia pa! pa! nikadhani anapasua kuni. Nilipofika nikakumbatia mti mmoja – nani anakumbatia mti? Salvatory, kaka yake, akanivuta kwa nywele. Damiano akageuza panga akanipiga kwa ubapa, mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Na msalaba wa Glorious kaungoa. Labda aliugonga kwa bahati mbaya. Hapana. Kwa makusudi!

Jirani yangu Hedwiga ndiye aliyenifunga mkono kwa kanga yake.

Mwenyekiti kaja leo, kapiga picha visiki. Damiano mbele yake, bila aibu – huyu mama ni kibarua wangu, alikuwa ananipikia na kuchuma. Kibarua! Nilicheka mpaka mwenyekiti akanitazama kwa wasiwasi. Kisha akauokota msalaba, akausoma. Glorious Damiano. Akamuuliza, vibarua wako huwa wanazaa watoto wenye jina lako? Damiano akatema mate kando.

Namchukia. Nimeliandika neno ili nilione. Namchukia.

Jumamosi, 15 Juni 2024

Lundo, kwetu. Mkono uko kwenye plasta, PF3, fomu ya polisi, iko kwa Violet. Kapiga simu: kesi ya shamba imefunguliwa, na polisi wanamtafuta Damiano kwa mkono huu.

Nilimwamkia baba, shikamoo. Akaitikia marahaba huku anawatazama dagaa alioanika. Mama kanisuka nywele pale zilipobaki.

Ijumaa, 21 Juni 2024

Wamekuja! Wako uani sasa hivi. Damiano, Salvatory na shangazi yao. Wameleta mbuzi, vitenge vya mama, na jembe jipya, bado halina mpini. Mahari! Baada ya miaka kumi na moja na mfupa mmoja. Salvatory anaeleza kwa sauti ya kanisani kwamba Jacqueline ameshaachwa, kijana amejirudi.

Mbuzi baba anaweza kuwapokea. Jembe hawezi. Kwa ukoo wetu mwanamke mwenyewe ndiye analiinua toka chini, anampelekea mama yake. Nikiliinua, ni mke wake. Kesi nafuta, polisi nawaambia nilianguka, narudi Namswea kwenye visiki. Nisipoliinua, wanarudi na vyao, na baba anabaki na binti aliyekaa kwa mwanaume bure.

Baba kaja hapa jikoni. "Edina mwanangu, watu wamekuja kwa heshima." Nikamwonyesha plasta. Akatazama mlango. "Nimezeeka. Nataka niwe nimekutoa vizuri." Macho yana machozi. Baba yangu! Ningeweza kumpiga na ningeweza kumbeba, yote mawili.

Alipotoka, mama akasema bila kugeuka, anasonga ugali: "Mimi usiniletee jembe hilo. Mikono yangu imejaa."

Namwona Damiano kwenye ufa wa ukuta. Shati jeupe, limepigwa pasi. Amepiga magoti, anasogeza jembe kwa vidole karibu na mlango wetu, makali yakielekea huku. Kichwa kainamisha, shingo iko wazi. Kanyoa kisogo. Nilikuwa namnyoa mimi.

Baba ananiita mara ya pili. Shangazi yao ameanza vigelegele mapema.

Mkono wa kushoto umezoea sasa. Tazama, hata herufi zimesimama.

Natoka kuliinua, ila kwa mama halifiki. Mama ameacha kusonga.