Herufi Mbili Zilizokumbatiana

3 Januari

Binti yangu,

Pokea salamu za mzee wako. Tumbo linakubali chakula, magoti yanalalamika kwa adabu. Macho ndiyo yaliyogoma. Daktari amesema presha ya macho imeshakula nusu ya jicho la kushoto, na la kulia lina miezi mitano, sita tukibahatika. Nikamuuliza kama ni sita kamili au sita ya ahadi ya mwanasiasa. Hakucheka.

Usilie. Miaka thelathini na moja ya usahihishaji pale kiwanda cha uchapaji nimesoma upuuzi wa kutosha maisha mawili. Ninachotaka ni vile vitabu mia na arobaini tulivyovipitisha kwenye skana kabla hujasafiri. Mchwa wamemaliza makabati, kwa hiyo vilivyomo kwenye kompyuta ndivyo vilivyobaki. Nimevipanga kwa folda kama vilivyokaa nyumbani: Kabati la Mlangoni, Kabati la Dirishani, Chini ya Kitanda. Nikipofuka, ile sauti uliyoniwekea, ninayoiita Kasuku, itanisomea.

Ila Kasuku ana mafua. Skana yenu imeona herufi m ikadhani ni r na n zimekumbatiana. "Mtu" amekuwa "rntu". Vitabu vyote vya M vimehamia kwenye R, kama wakimbizi. Jana Kasuku alifika kwenye neno "mama" akasema "rinarina". Mwanangu, niingie gizani na rinarina? Wewe unafanya kazi maktaba, kazi yako ni hizi hizi skana. Niambie dawa.

Riwaya yako nimeipata. Makosa 214, orodha nimeambatisha. La kwanza liko kwenye tabaruku: "Kwa babangu." Hiyo si lugha ya kitabu. Andika "baba yangu".

Ni mimi,
Baba

19 Januari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye mifupa. Pole sana kwa macho. Nimelia, ingawa umenikataza.

Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta ndani yake sentensi moja. Miaka minne niliandika kitabu kile nikitoka kazini, miguu imevimba. Hukusema kama umecheka, wala kama umesinzia ukurasa wa pili. Umenihesabia makosa. Nikiwa darasa la tatu nilikuandikia ulipolazwa hospitali, nikakuombea upone. Uliirudisha ile barua na wino mwekundu. Nilidhani mtu hukua akaacha.

Leo siwezi zaidi. Hilo la r na n nitakujibu moyo ukipoa.

Mwanao

2 Machi

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Hapa uzima upo, wa kuombaomba.

Moyo wako unachukua muda mrefu kupoa kuliko chuma cha mhunzi. Sawa. Nilifundishwa kwamba kosa halina undugu. Anayekusifia kitabu chako chenye makosa 214 anakutakia uchekwe na watu. Anayekuonyesha, huyo ndiye wako. Dunia imejaa wapiga makofi. Kila mjinga leo anachapisha, na mjinga mwenzake anamwambia hongera. Mimi sitakuwa mmoja wao, hata kwako.

Basi nimeanza kutibu mwenyewe. Nafungua kitabu, naitafuta r na n moja moja, nafuta, naandika m. Ukurasa mmoja una sitini, sabini. Lugha yetu imejengwa kwa m. Ukiing'oa nyumba inaanguka. Nimemaliza vitabu saba. Daktari ameniambia nipumzishe jicho. Nikamwuliza nilipumzishe kwa ajili ya nini.

La kushoto limezima.

Baba

27 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sina nguvu ya kuzipamba.

Vitabu kumi na tisa. Ninavyoona sasa ni kama kuchungulia kwa tundu la ufunguo: neno moja linaonekana, mengine ukuta. Nimekuza maandishi mpaka sentensi moja inajaza kioo kizima. Jicho linatoa maji, nafuta, naendelea. Jirani yangu mshonaji, yule mama mjane wa chumba cha pili, aliniona akaniambia, "Mzee, unachoma nyumba ili uokoe pazia." Nilimfokea. Kisha nilimwomba radhi, kwa sababu yeye ndiye anayenitafutia mshale wa kompyuta ukinipotea.

Jana nilisahihisha ukurasa mzima, nikagundua ni ule wa juzi. Sikuwa nimehifadhi.

Vimebaki mia na ishirini na kimoja. Sitavimaliza. Nimepiga hesabu kila namna, sitavimaliza. Kama una hasira, kaa nayo, ni haki yako. Lakini niambie njia, kama ipo. Mstari mmoja tu. Nakuomba.

Baba yako

16 Mei

Baba,

Shikamoo Baba, shikamoo tena.

Barua zako zote mbili nimezisoma leo. Nilikuwa sizifungui. Nilijua zina wino mwekundu.

Njia ipo. Fungua kitabu, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Ctrl na cha H. Vitatokea visanduku viwili. Cha juu andika rn, cha chini andika m, kisha bonyeza "badilisha zote". Kitabu kizima kinapona kabla hujameza mate. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maneno yetu hayabananishi r na n. Yatakayoharibika ni majina ya wageni tu.

Kuna jambo lazima ulijue, hata kama hutanisamehe. Maelezo haya niliyaandika tarehe 20 Januari. Mistari minne. Yalibaki kwenye rasimu. Nilijiambia: asubiri kidogo, naye aone ilivyo kungoja neno la mtu. Sikujua unayatafuta kwa jicho.

Acha kusahihisha, Baba. Usiguse hata ukurasa mmoja. Nimeomba likizo, wamenipa ya Julai. Nijibu. Hata kwa orodha ya makosa.

Mwanao

11 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Anayeandika ni mshonaji, mimi nasema tu. La kulia lilizima tarehe 9 Mei, wiki moja kabla ya barua yako. Nilikuwa kwenye kitabu cha ishirini na mbili.

Mshonaji alinisomea njia yako, akaifuata. Alianza baada ya chakula cha mchana; jua halijashuka, vyote vimepona. Mia na kumi na tisa. Kila akibonyeza anasema "tayari", kama anakata uzi. Nilicheka. Halafu nilimwomba atoke nje kidogo.

Nilitaka kukukasirikia, nikakosa pa kushika. Ile sheria ya r na n niliijua kabla hujazaliwa. Lakini miaka yote nilijua kutafuta kosa moja moja kwa jicho, sikuwahi kufikiri kuna namna nyingine. Kwahiyo tumekosea wawili. (Mshonaji ameandika "kwahiyo" neno moja, namsikia alivyoliunganisha. Nimemwacha.)

Aliniuliza Kasuku aanze na kitabu gani. Nikasema chako. Nimekisikiliza siku tatu. Zamani nilikiona herufi tu. Sasa herufi sina, nimebaki na watu. Yule baba wa ukurasa wa arobaini, anayerudisha barua ya mtoto, nilimjua kwa hatua zake. Nilimwambia Kasuku anyamaze. Hajui kunyamaza.

Ile orodha ya 214 itupe. Ukishindwa, basi futa kosa la kwanza tu. Tabaruku iache ulivyoiandika.

Njoo Julai. Mimi ni

Babangu wako