Mpelelezi Asiyesalimia

Jumanne, Kilosa

Na huyo ndiye wanamwita bingwa wa riwaya za upelelezi. Leo nimemaliza kitabu cha Mashaka, mwandishi mwenzangu wa Mikumi. Mpelelezi wake anaingia kwa bibi kizee wa Mamboya, hasalimii, anauliza tu, "Jana ulikuwa wapi?" Na bibi anakiri kuua. Upuuzi mtupu. Sijui Mashaka kalelewa na nani.

Nimemsomea mama, akacheka. "Bila shikamoo? Mimi hata jina langu nisingemwambia."

Nimefurahi kupita kiasi. Kisha akauliza, "Mpelelezi wako yeye anasalimia?"

Anasalimia. Amewaamkia wazee wa Tindiga nzima, ameulizia mpunga, ng'ombe, wajukuu. Nimefika sura ya tisa ya riwaya yangu na bado hajamuuliza mtu yeyote habari za ile maiti ya sura ya kwanza.