Kifuniko cha Soda Kwenye Ukuta wa Stoo

Fundi wangu,

Leo ni Ijumaa, na nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nje ya chumba chenye jina lako. Ndiyo, siku hizi una chumba. Pasta aliagiza kibao cha jiwe kutoka Meru, kina majina yako yote matatu, hata lile la ubatizo ulilokuwa hulipendi. Mlango una kufuli, na ufunguo uko shingoni mwangu tangu Jumamosi. Siuvui hata nikioga. Watoto wananiona mchoyo, pasta ananiona mkaidi, nami nimechoka kujitetea. Nimeona nikuandikie wewe, maana wewe ndiye uliyenitia kwenye shida hii.

Unaikumbuka timu ya kanisa. Kila Agosti wanakuja hapa kwenye makao ya watoto Jumamosi moja na fulana zao za rangi moja, wanapika pilau, wanawanyoa watoto nywele, halafu wanajenga. Wewe kila mwaka uliwapa kipande cha ukuta wa ua kule nyuma, mbali na vitanda. Walijenga wakiimba, wakapiga picha, wakaenda zao. Jumatatu asubuhi tulibomoa mpaka msingi, tukakwangua mawe, tukajenga upya. Ukimaliza, ulikuwa ukibandika kifuniko cha soda kwenye simiti mbichi, kozi ya pili, yaani mstari wa pili wa mawe kutoka chini, upande wa kulia, ili ujue kwamba huo umepita mikononi mwako. Mwaka uliofuata walikuja wakaupigapiga ua kwa viganja: "Si mnaona vile imesimama!" Nawe ukajibu, "Imesimama kabisa," uso mkavu kama hujui kitu. Mimi nilikimbilia jikoni nikacheke.

Uliniapisha nisiseme. "Akiru, hawa wakijua watasikia aibu, hawatarudi. Na wasiporudi, hao watoto watakula nini?" Nilikuwa nimelelewa hapa hapa, nilikula hilo pilau tangu nikiwa na miaka mitano, kwa hivyo nilikuelewa. Hata ukiwa kitandani na dripu mkononi, wiki ile ya mwisho, ulinikumbusha tena. Nikasema ndiyo. Ningesema nini, Fundi, na mkono wangu ulikuwa umeukamata hivyo?

Mwaka huu pasta alisema ua umetosha. Timu itajenga bweni la wasichana wadogo, kwa kumbukumbu yako. Msingi na kuta tatu nilizimaliza mwenyewe. Nikawabakishia ukuta mmoja tu, ule wa mlango, nikijiambia kwamba nitasimama nao na nitapima kila kozi. Kumbe sikuruhusiwa kusimama. Pasta alinishika bega: "Leo wewe ni familia, kaa na mama." Nikawekwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, kando ya mke wako, Mama Kawira, nikafunikwa leso mabegani, na hotuba zikaanza. Kila nikiinuka, mtu ananikalisha. Mama Kawira naye alikuwa amenishika mkono akilia. Mkono wa kulia, ule wa kushika mwiko wa kujengea.

Niliwaona kwa mbali tu. Kiongozi wao ni Purity, msichana wa benki, mtu mzuri sana, nasema hivyo hata sasa. Alikuwa amesikia kwamba hapa kwetu maji huletwa na lori. Alipoona mapipa niliyojaza ya kulowesha mawe, aliwaambia wenzake wasiyaguse, hayo ni ya watoto ya kunywa. Hata tanki la plastiki, lile lililokuwa nyuma ya stoo miaka yote, walilibeba wakalisogeza karibu na jikoni ili watoto wasitembee mbali. Kwa moyo mweupe kabisa! Wakajenga kwa mawe makavu, kwa simiti ya kuonja maji, kwenye jua la Isiolo na upepo wake. Saa tisa walikuwa wamemaliza. Saa kumi mabati yako juu, kibao kimebandikwa, na mke wako ameweka kiganja ukutani analia, na wao wote wanalia naye.

Walipoondoka nilikwangua kwa ukucha. Simiti ilimwagika kama unga.

Ndipo nikatia kufuli. Nilimwambia pasta kwamba simiti lazima ikauke siku saba kabla vitanda havijaingia. Nilimdanganya. Ukuta ule hata ukae mwaka hautashika. Mtoto akirukaruka kitandani, akauegemea, siku hiyo tutachimba kaburi.

Kila asubuhi anakuja Rehema, huyu mdogo wa miaka sita anayelala na mwenzake kitanda kimoja. Anasimama mbele yangu na mto wake kwapani. "Anti, bado tu haijakauka?" Namwambia bado. Anagusa mlango, anaenda. Kule Kinna kuna watu wa vitunguu wananingoja niwajengee stoo tangu Jumanne, na siwezi kwenda, maana nikiondoka siku kadhaa na ufunguo watavunja kufuli, na nikiuacha watafungua. Nimebaki hapa nalinda ukuta usianguke na watu wasijue. Kuubomoa kimyakimya kama zamani nitaubomoaje, na mabati yako juu yake, na jina lako limebandikwa? Na kusema, nilikuapia nisiseme. Nilikukasirikia, Fundi. Nililala nikiwa nimekukasirikia, nikaamka hivyo hivyo.

Halafu ikafika Jumatano. Nilienda kurudisha tanki mahali pake, nyuma ya stoo.

Unajua stoo ile. Ni ukuta wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ukanipa timazi na kamba, ukaniambia jenga, ukaenda kanisani na wengine wote. Uliporudi uliuzunguka mara mbili, ukasema, "Sasa wewe ni fundi." Nimeishi kwa maneno hayo. Kila mwanamume wa mtaa wa Bulla Pesa aliyenicheka nikishika mwiko, niliukumbuka ule ukuta nikamwacha acheke.

Kifuniko kilikuwa pale, Fundi. Kozi ya pili, upande wa kulia. Kimeshika kutu, mahali tanki lilipokuwa limekificha miaka yote hii.

Nilikaa chini kwenye matope. Nilikuita jina ambalo sitaliandika hapa. Ulingoja mpaka lini? Nilipoenda shule? Ulinibomolea ukuta wangu, ukaujenga upya, ukaweka tanki mbele, na usiku huo ukala ugali na mimi ukiniita fundi. Nami nilikuwa nawacheka wale wageni jikoni! Nilikuwa mgeni tu, tena mgeni asiyeleta hata pilau.

Jana nilizunguka mji mzima kama mwendawazimu. Plot ile ya nyuma ya soko la mbuzi, choo cha shule, vyumba sita vya Bulla Pesa, niliinama kwenye kila kona natafuta kutu. Wenye nyumba waliniuliza kama nimepoteza kitu. Sikupata kifuniko kingine. Hata kimoja. Nikakumbuka ukuta wangu wa pili, ule wa banda la kuku. Ule ulinibomolesha mara tatu, mbele ya watoto wote, kwa mikono yangu mwenyewe. "Akiru, hii imelala. Toa." Nililia. Nilikuchukia mwezi mzima, nikakataa kukuletea chai. Sijui ni nini kilichokubadilisha kati ya stoo na banda. Ningependa sana kukuuliza. Ila najua ni banda lile la kuku lililonifanya fundi, si stoo.

Kwa hivyo nimesema. Nisamehe, au usinisamehe.

Nilianza na Mama Kawira. Nilimwambia yote, hata ya Jumatatu zetu. Alivua miwani, akaifuta. "Huyo mzee wangu alikuwa anaogopa kukasirisha watu, sana. Bomoa, Akiru. Mimi nitakuja nikae hapo na kiti changu, nione nani atakuuliza." Pasta yeye amenikatia simu mara mbili. Anasema nimewaaibisha wageni wa Mungu.

Purity nilimpigia leo asubuhi. Nilimwambia ukuta haujashika, kwa sababu mawe hayakunywa maji. Nilimwambia hata ua wote wa nyuma tuliujenga upya, miaka yote. Halafu nikasikia anapenga kamasi. "Ile yote?" Nikasema yote. "Sasa kesho tukuje na nini?"

"Kujeni na nguo za kazi," nikamwambia. "Na mjue kwanza tunabomoa."

Sijui watakuja wangapi. Labda atakuja peke yake. Labda mwaka ujao hakuna pilau, na watoto wataniuliza mimi, na nitawajibu mimi. Lakini kesho kibao chako nitakishusha kwanza, nimpe mama akipakate. Tutaegemeza mabati kwa miti, tutatoa mawe moja moja, tutayalowesha mpaka yashibe. Akilaza jiwe vibaya nitamwambia, "Purity, hii imelala. Toa." Na akilia nitamngoja amalize.

Kile kifuniko nimekitoa kwa mwiko wako. Kiko mfukoni. Kimeacha shimo ukutani na sitaliziba. Nakuahidi hakuna kingine nitakachobandika, wala kwa mgeni, wala kwa mtoto wa hapa nitakayemfundisha.

Basi nakuacha hapo, mzee wangu niliyekupenda. Ukuta ukishamwagiwa maji siku saba, za kweli safari hii, ufunguo nitamvisha Rehema shingoni, afungue mwenyewe.

Akiru wako