Kiti Kimoja Mbele ya Spika Mbili

Baba Zuhura,

Siku ile, kabla jeneza lako halijainuliwa, kaka yako aliingia chumbani akaniuliza kama nimekuwia radhi. Nikajibu nimekuwia. Nilijibu upesi, maana wanaume walikuwa wamesimama juani na maiti haicheleweshwi. Tangu hapo limetokea jambo, na kwa kuwa nimo edani na sina pa kwenda, nitakueleza.

Dada yako alitaka nyumba isomewe Kurani mchana kutwa. Akaweka diski kwenye deki yako, na mtambo wako wa muziki ambao Bungu nzima iliujua ukaanza kusoma. Nilikuwa nimekaa chini tangu asubuhi, mgongo ukanikamata. Wifi akaniinua, akaniketisha kwenye kiti chako.

Nilimsikia msomaji akivuta pumzi. Sauti yake ilisimama mbele yangu, katikati, penye ukuta mtupu. Nikamuuliza wifi kama kuna spika ya tatu imefichwa pale. Hakuna. Nikasogea kando kidogo, sauti ikahama. Nikarudi, ikarudi. Nikalia, na wote wakadhani nakulilia wewe.

Miaka yote ile mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, ubavuni mwa sabufa, ambapo muziki ni mtikisiko tu. Nikisema ni kelele, unacheka mbele ya wageni: "Masikio ya mikokoni haya, yamezoea shoka." Wageni wanacheka. Na mimi nacheka, mjinga mimi.

Kumbe ulijua. Ulipima kwa kamba kutoka kila spika mpaka kichwa chako kitakapokaa. Ukachora sakafuni miguu ya kiti isimame wapi. Mtu aliyejua hivyo mahali pazuri palipo alijua na pabaya palipo, na ndipo aliponiweka mkewe.

Waya nao. Ulikataa wa shaba kwa sababu unadaka mvumo wa friji, ukaagiza Dar ule unaopitisha sauti kwa mwanga. Ukawahubiria wageni kwamba mwanga haudaki mvumo wowote. Sasa mbona friji langu la kuuzia barafu ulilitoa nje hata hivyo, likaoza kwa mvua? Nakuuliza tu. Najua hujibu, hata ulipokuwa hai hukujibu.

Halafu siku ile fagio langu liliupinda ule waya nyuma ya deki, sauti ikakatika. Hukunipiga, hilo nalisema kwa haki. Ulinipandisha boda na mfuko wangu wa nguo, nirudi kwetu Kiongoroni, kama bidhaa yenye kasoro.

Baba yangu ndiye aliyenirudisha, kwa boti na kisha barabarani, mzee wa kukata mikoko asiyewahi kukuomba kitu. Hukumpa kiti. Alikaa kizingitini, kofia mkononi, akiomba msamaha kwa waya asioujua hata rangi yake. Ukamwacha amalize. Ukamwambia, "Mzee, mwanao hana sikio."

Baba akaniangalia. Kisha akakugeukia wewe, akasema, "Kweli, mwanangu. Hana."

Alisema ili unipokee. Lakini nilimwona usoni, alikuwa ameshaamini. Alirudi kwake akiamini kwamba amekuoza mwanamke mwenye upungufu, akafa na imani hiyo. Na mimi niliamini.

Wakwe wanasema nimekonda kwa majonzi. Waache waseme. Kuna asubuhi nakukumbuka vizuri, ukipuliza vumbi kwenye spika kwa upole ule, na nazionea wivu mbao zake.

Ndiyo sababu ya barua hii. Radhi niliyoitoa chumbani niliitoa sijui. Eda yako nitaikamilisha, sitaipunguza hata siku moja. Nitakusomea, nitakutolea sadaka, na Zuhura nitamfundisha akuombee. Hayo nakuahidi, na unajua mimi huwa natimiza. Ila kwa neno ulilomwambia baba yangu, sikuwii radhi. Kaka yako akija kuniuliza tena, nitamjibu hivyo hivyo mbele ya watu.

Kwa heri, Baba Zuhura. Mko huko wote wawili sasa. Mtafute mzee wangu, umwambie kwamba nilikuwa nasikia.