Kura ya Mzee Stroud

Jumanne, 24 Julai 1838
Mahakama ya mzunguko, ile inayohama mji hadi mji, imefika na matope yake. Mwendesha mashtaka kashikwa na homa, anatetemeka katika nyumba ya wageni ya Bi. Hobbs. Jaji Whitlow akatutazama sisi mawakili, akaninyooshea kidole: Pruett, leo wewe ndiye serikali! Ndiyo kawaida ya huku. Nikasimama kabla sijauliza kesi ni ya nani.

Enos Stroud. Jirani yangu — aliyenisaidia kupandisha magogo ya nyumba yangu. Walikuwa wakigombania nguruwe na Coe, kila mmoja akidai alama ya sikioni ni yake. Enos akampiga kwa mpini wa shoka. Coe hakuamka.

Ningeweza kukataa. Lakini uchaguzi ni Agosti, nami nagombea bunge, na wilaya nzima imejaa mle ndani, mpaka madirishani.

Jumatano, 25 Julai
Nimesema vizuri. Mungu wangu, vizuri mno! Nikadai Enos alirudi nyumbani makusudi kuuchukua ule mpini. Shahidi alisema “huenda”. Mimi nikaliruka hilo neno. Wazee wa baraza hawakukawia: kunyongwa, Ijumaa tarehe kumi Agosti.

Enos hakunitukana. Aliangalia dirishani tu, aliposimama baba yake.

Nyumbani ni mbali, kwa hiyo nalala kwa Bi. Hobbs, kitanda kimoja na Gilliam, wakili wa Enos. Sisi wa mzunguko ndivyo tulivyo, mchana mahasimu, usiku blanketi moja na utani mpaka mwenye nyumba agombe. Leo kasema tu: “Hongera, mheshimiwa.” Akageukia ukutani.

Jumamosi, 28 Julai
Nimehutubia juu ya kisiki, kwenye kinu cha Beasley. Mtu akapaza sauti: Huyu ndiye aliyemvisha Stroud kitanzi, mpeni bunge! Wakacheka. Nikacheka nao.

Nimerudi kwa njia ya mbali, nisipite mlangoni kwa Stroud.

Jumatatu, 6 Agosti
Uchaguzi. Kila mtu anataja chaguo lake kwa sauti mbele ya karani, nami niko pembeni. Nikitajwa nasimama, natoa mkono, nashukuru. Mkono umevimba.

Adhuhuri akaja mzee Jubal, babake Enos. Hata walevi walimpisha. Karani akamuuliza, mzee, unamchagua nani?

“Lemuel Pruett.” Kwa sauti, mpaka barabarani.

Mtu akanong'ona: mzee kachanganyikiwa.

Nikasimama. Nikatoa mkono kama kwa wengine. Aliushika mkono wangu, asiuachie.

“Gilliam alikwenda Vandalia, mwanangu, kumwomba gavana amsamehe Enos. Gavana hakumpokea hata. Mbunge atampokea. Nenda ukamwambie alichosema shahidi. Vilevile alivyokisema.”

Kumbe alisikia. Alikuwa pale dirishani.

Nimeshinda, tena kwa mbali. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumanne, 7 Agosti
Walionichagua wako nje mbele na ngoma na pipa la wiski, wanataka kunibeba mabegani. Farasi yuko mlango wa nyuma, nimekwisha kumtandika. Vandalia ni siku tatu kwenda na kurudi, na mto umefurika.

Nikimwambia gavana, itajulikana wilaya nzima kwamba Pruett alipata bunge kwa uongo. Hakuna atakayenibeba tena. Naogopa! Nisipomwambia — Ijumaa.

Nimechungulia nyuma. Mzee Jubal yuko pale, ameshika hatamu. Haniiti. Anampapasa farasi shingoni tu.

Wanagonga mlango wa mbele. Wanaimba jina langu. Buti moja nimevaa, la pili nitalivaa huko nyuma, kwa mzee.